Waache Waulize Kabla ya Kisu



Mtu aliyeamua kwenda kupunguza tumbo, kuinua matiti au kurekebisha pua ana maswali mengi kuliko tunavyomdhania. Sisi tulio pembeni tunaona anawaza kioo tu. Mpate mahali pasipo na wa kumcheka, uyasikie yanayomtoka. Nitaamka baada ya nusu kaputi? Nitaumwa siku ngapi? Kovu litakaa wapi? Nitaweza kunyonyesha nikija kuzaa? Daktari huyu ameshawafanyia wangapi? Nikizidiwa usiku wa manane nimpigie nani? Mume wangu akijua itakuwaje? Na bei niliyotajiwa, ndiyo yote?

Hakuna swali la kijinga hapo. Haya ni maswali ya mtu anayejua kwamba anauweka mwili wake chini ya kisu. Linalonisikitisha ni mahali yanapoulizwa: saluni, kwa rafiki wa rafiki aliyewahi kufanya, kwenye simu kwa kunong'ona, au kwa muuza dawa mwenye chupa ya kumuuzia. Daktari anayepaswa kuyajibu huyasikia machache, na ndugu anayepaswa kumsindikiza hayasikii kabisa. Ninaandika wito huu kwa sababu naamini aibu tunayowatia watu hawa inawaweka kwenye hatari ambayo ingeweza kuepukika.

Kwanza tukumbuke fani hii ya upasuaji rekebishi ilikotoka, maana haikuzaliwa kwenye anasa. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, daktari Harold Gillies alikuwa Sidcup, Uingereza, akiwatengeneza upya nyuso askari waliopoteza taya na pua kwa risasi na vipande vya mabomu. Ndugu yake, Archibald McIndoe, aliifanya kazi hiyohiyo kwa marubani walioungua katika Vita ya Pili. Na McIndoe huyo ndiye aliyekutana na Michael Wood na Tom Rees, wote watatu madaktari wa upasuaji rekebishi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakapanga huduma ya madaktari wa kusafiri kwa ndege iliyoanza mwaka 1957. Leo tunaiita Amref. Kwa hiyo ujuzi unaomshona mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi, au kumbandika ngozi aliyemwagikiwa na uji wa moto, ndio huohuo unaompunguza mama nyama uzembe. Shule ni moja, ingawa sisi tunauheshimu upande mmoja na kuucheka mwingine.

Na hata kwenye upande tunaoucheka, wanaoingia chumba cha upasuaji hawafanani. Yupo mama aliyezaa mara nne, misuli ya tumbo ikaachana na haikurudi kwa mazoezi yoyote. Yupo dada mwenye matiti mazito, mgongo na shingo vinamuuma kila siku na mikanda ya sidiria imemchimba mabega. Yupo aliyeondolewa titi kwa saratani. Yupo kaka mwenye kifua kilichojaa kama cha mwanamke, asiyevua shati ufukweni tangu alipobalehe. Yupo pia anayetaka shepu tu, na huyo naye ni binadamu mwenye damu na mapafu kama wengine. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipoanza kutoa huduma za namna hii mwaka 2023, mtaani habari ilipokewa kwa utani wa makalio. Katika utani ule, ni nani angenyanyua mkono kusema, mimi nahitaji huduma hiyo, naomba mnieleze?

Turudi kwenye maswali yao, maana kila moja lina uzito wake.

Swali la kuamka ndilo linalotangulia, na lina sababu. Mwezi Oktoba 2005, Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wakati huo, alifariki nchini Hispania baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta. Mwaka 2009 mahakama ya huko ilimhukumu daktari aliyemfanyia kifungo cha mwaka mmoja. Mwezi Novemba 2007, Donda West, mama wa mwanamuziki Kanye West, alifariki Marekani siku moja baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo. Jirani zetu wa Nairobi nao walipata msiba wao: mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaisimamisha kliniki hiyo.

Misiba hii ina funzo. Kifo cha Donda West kilizaa sheria katika jimbo la California, iliyosainiwa mwaka 2009: hakuna kumpasua mtu kwa ajili ya urembo bila kwanza kupimwa mwili na kupewa kibali cha maandishi kwamba anafaa, ndani ya siku 30 kabla ya upasuaji. Hilo unaweza kulidai hata pale ambapo sheria hailitaji. Nenda ukapimwe presha, sukari, wingi wa damu na moyo. Mweleze daktari kama una selimundu au pumu, kama damu iliwahi kukuganda mguuni, kama unatumia aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za mitishamba. Mwambie ukweli kuhusu sigara na shisha, maana ngozi ya mvutaji huchelewa kupona na wakati mwingine hufa ukingoni mwa mshono. Madaktari hutaka uache angalau wiki nne kabla. Kisha uliza: mtaalamu wa usingizi ni nani, naye atakuwepo chumbani muda wote? Nikizidiwa, nitapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali gani, na kiko umbali gani? Kliniki inayobabaika kwenye maswali haya imeshakujibu.

Upo upasuaji mmoja ambao wanaoutaka wanastahili kuelezwa bila kupepesa macho: ule wa kunyonya mafuta tumboni na kuyahamishia kwenye makalio. Mafuta yakichomwa ndani sana, yakafika kwenye msuli, yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyopo hapo, yakapanda hadi moyoni na kuziba mapafu, na mtu akafa pale pale mezani. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilitoa onyo kwamba huenda upasuaji huo unaua mtu 1 katika kila 3,000, kiwango cha juu mno kwa jambo la hiari, na vikaagiza mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, kamwe yasiguse msuli. Takwimu zilizofuata, baada ya wengi kuanza kulitii agizo hilo, zilionesha vifo vimepungua. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari ni fupi: mafuta utayaweka wapi, na utajuaje kwamba sindano haijafika kwenye msuli?

Na zile chupa na sindano za "mchina" za kukuza makalio zinazouzwa kwa kificho, wala tusizihesabu kwenye fani hii. Silikoni ya maji ikichomwa mwilini haitulii mahali pamoja. Husambaa, hutengeneza mabonge magumu, huozesha ngozi miaka kadhaa baadaye, na ikiingia mshipani huua. Dawa au kifaa chochote unachotaka kuwekwa, uliza kama kimesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako. Kwa Tanzania Bara ni TMDA.

Swali la pili ni la daktari mwenyewe. Koti jeupe na ukurasa wenye picha za "kabla na baada" havimfanyi mtu kuwa bingwa. Kila daktari halali ana usajili: Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kuna baraza la madaktari wa binadamu na wa meno, na nchi nyingine za ukanda wetu zina mabaraza yao. Uliza jina lake kamili na namba ya usajili, kisha uhakikishe mwenyewe kwenye baraza. Usiishie kwenye "ni daktari"; uliza ni bingwa wa nini, alisomea wapi upasuaji rekebishi, na upasuaji unaoutaka ameufanya mara ngapi. Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Tuje kwenye maumivu na kupona, eneo ambalo picha za mitandaoni hazilioneshi kabisa. Aliyekatwa ngozi ya tumbo anarudi nyumbani akitembea ameinama, maana mshono unavuta. Pembeni mwa kiuno yananing'inia mabomba ya kutoa majimaji, na mtu wa nyumbani anatakiwa kumwaga vile vichupa na kuandika kila siku yametoka kiasi gani. Anavaa nguo ya kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa, hata katika joto la Dar es Salaam la Januari. Hanyanyui ndoo wala mtoto. Aliyewekwa mafuta makalioni anakatazwa kuyakalia kwa wiki za mwanzo, kwa hiyo hata bajaji ni shida. Uvimbe na weusi unamfanya aonekane amekuwa mbaya kuliko alivyokwenda. Hapo ndipo wengi hushikwa na huzuni nzito, wakalia na kujiuliza wamefanya nini. Huzuni hiyo inajulikana na kwa wengi hupita, ila ni kali zaidi kwa asiye na mtu wa kumwambia. Aliyerekebisha pua huweza kusubiri hadi mwaka mzima kabla ya kuona umbo lake la mwisho.

Sasa fikiria mtu anapitia yote hayo chumba cha kupanga, amewaambia nyumbani kwamba amesafiri kikazi. Nani atamwaga kile kichupa? Nani atagundua kwamba homa imepanda? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa msemo huo una maana yake kamili. Zipo dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kukuche: kushindwa kupumua au kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, homa, usaha au harufu kwenye mshono, tumbo kuuma kwa kuzidi badala ya kupungua, kuzimia. Mgonjwa aliye peke yake huzivumilia kwa kuogopa siri isitoke. Mwenye dada yake kitandani pembeni, hubebwa.

Kovu nalo huulizwa sana, na kwetu lina uzito wa pekee, kwa sababu watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu ya kuvimba kuliko wengine. Jiangalie ulipotobolewa sikio, ulipochanjwa, ulipojikata utotoni. Kama pameota kinundu kinachong'aa na kuwasha, muoneshe daktari kabla hajagusa popote. Huenda akakushauri uache, na ushauri huo ni tiba tosha.

Wanawake huuliza kuhusu uzazi, na jibu la kweli ni kwamba mpangilio wa wakati una maana. Kupunguza matiti kunaweza kupunguza maziwa baadaye. Tumbo lililokazwa kisha likabeba mimba huweza kulegea tena, hivyo ni busara kumaliza kuzaa kwanza. Na matiti ya silikoni hayadumu milele. Atakayewekwa akiwa na miaka 25 ajue huenda akarudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja maishani. Ukiwekwa kifaa chochote, dai kadi yenye jina la kiwanda na namba yake. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kiwanda cha Ufaransa kiitwacho Poly Implant Prothèse kilikuwa kikijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kuwekwa mwilini, na wanawake wapatao 300,000 duniani walikuwa wameshawekewa. Mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Aliyekuwa na kadi yake alijua mara moja kama linamhusu.

Bei nayo ina mafumbo yake. Utatajiwa gharama ya upasuaji, usitajiwe ya vipimo, usingizi, kulazwa, dawa, nguo ya kubana, kurudi kliniki, wala ya kurekebisha kama mambo yataharibika. Bima nyingi hazilipii upasuaji wa urembo. Omba orodha yote kwa maandishi. Wanaosafiri kwenda Istanbul, Dubai au India kwa kufuata bei waongeze siku za kukaa huko hadi daktari aridhike, maana safari ndefu ya ndege muda mfupi baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda. Wajue pia kabla ya kuondoka ni daktari gani atakayewapokea nyumbani.

Mwisho ni siri. Mgonjwa ana haki nayo. Picha za mwili wake ni mali yake, na hakuna kliniki inayoruhusiwa kuzitangaza bila ridhaa yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022. Isome fomu ya ridhaa siku chache kabla, ukiwa umekaa, umevaa nguo zako, una akili timamu. Usisaini kitandani ukisukumwa kuingia chumba cha upasuaji. Na kama kwenye fomu kuna mstari wa kuruhusu picha, kataa kama hutaki. Upasuaji hauharibiki kwa hilo.

Sasa ninawaomba.

Wewe unayefikiria upasuaji, yaandike maswali yako yote kwenye karatasi, uende nayo kwa daktari, na usiondoke mpaka yameisha. Chagua mtu mmoja unayemwamini, mama, dada, mume au rafiki, umwambie ukweli, tarehe na jina la hospitali. Mmoja anatosha. Na jiulize kwa utulivu unamfanyia nani. Kama ni kwa ajili ya mwanaume aliyekusema, au kama kasoro unayoiona hakuna mwingine anayeiona na inakunyima usingizi, anza na mshauri wa afya ya akili. Kisu hakiponyi maumivu ya namna hiyo.

Ninyi ndugu na marafiki, binti akija kusema anataka kufanya hivi, msianze na kicheko wala hukumu. Hamlazimiki kukubaliana naye. Muulizeni anaenda kwa nani, amepimwa nini, mwende naye. Mashangazi na makungwi wanaowafunda mabinti wawe wa kwanza kuwaambia kwamba mwili wao unatosha, na wawe wa kwanza pia kuwapokea walioamua vingine.

Ninyi waume, tumbo mnalolitania mezani mbele ya wageni lilibeba wanenu. Maneno yenu yamewapeleka wengi kwenye kliniki za uchochoroni.

Madaktari wetu, ongezeni muda wa kusikiliza. Mgonjwa asiyeuliza amejaa maswali, mchokozeni ayaseme. Mwelezeni hatari kwa Kiswahili anachokielewa, na mpeni siku za kufikiri kabla ya kulipa. Mnapoona hafai, mkatalieni bila kumdhalilisha, maana mkimtukana ataishia kwa asiyekataa mtu.

Watu maarufu mnaopewa huduma bure ili mzitangaze, semeni kwamba mmepewa. Onesheni na zile wiki mlizolala, maana kuna binti wa miaka 17 anayewatazama akidhani mliamka mkiwa hivyo.

Na mabaraza ya madaktari pamoja na wizara za afya, wekeni orodha ya mabingwa wa fani hii mahali ambapo mwananchi ataipata kwa simu yake, kwa Kiswahili. Kagueni kliniki kabla ya msiba, maana kuzifunga baada ya mazishi hakumrudishi mtu.

Wahenga wetu walishaamua kwamba kuuliza si ujinga. Wiki hii, kama kuna mtu wa karibu yako aliyewahi kukudokeza jambo hili ukamcheka, mpigie simu. Mwambie yuko huru kukuuliza lolote, na akihitaji wa kumsindikiza kwa daktari, utakwenda naye.